Afisa mipango miji anataka ushahidi kuhusu mtaa wetu. Tuanzie wapi?

KatibuWaMtaa (Mbagala)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima viwanja tulivyokwisha kujenga bila mpango, katika mtaa mmoja huku Mbagala, Dar es Salaam, upande unaoteremka kuelekea Mto Mzinga. Tulichanga shilingi 150,000 kwa kila kiwanja, wapimaji wakaja, wakarusha droni asubuhi moja, wakaondoka. Tumesubiri mpaka watu wakaanza kutuita kamati wezi. Sasa mchoro wa mpango wa mtaa umerudi na umebandikwa ofisi ya mtaa tuutolee maoni.

Ukiusogelea unaona aliyeuchora hajakanyaga hapa. Barabara ya mita 6 imepitishwa juu ya nyumba nne, na hatua thelathini pembeni ipo njia ambayo gari la maji linapita kila siku. Uwanja wa watoto umewekwa bondeni, ambako masika maji yanafika kiunoni. Halafu kila paa limehesabiwa kuwa familia moja. Nyumba ya jirani yangu ni nyumba yetu hii ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo uani. Kwenye mchoro ni kaya moja. Ndani mna kaya tano, watu kumi na tisa, na choo hicho kimoja.

Nilimfuata afisa mipango miji. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Katibu, nakuamini, lakini maneno yako siwezi kuyatia kwenye faili. Niletee ushahidi." Ametupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Tunao wajumbe wa mashina, vijana wanane wenye simu nzuri, na futi kamba ya fundi. Mchoro ukishaidhinishwa, bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zinapandwa, na kuzing'oa ni kesi ya miaka. Naombeni msaada, nauliza kwa uchungu.

MwanaArdhi15

Pole sana dada. Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, nikawa kati ya tuliozunguka kata za Dar na mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mitaa pamoja na wakazi. Droni inaona mapaa. Maji yaliyopita haiyaoni, wala choo kilicho chini ya mwembe.

Kwa hilo bonde, ingieni nyumba kwa nyumba mwombe mwenyeji awaoneshe maji yalifika wapi ukutani. Mara nyingi doa la tope bado lipo. Pimeni kuanzia ardhi ya nje, msianzie sakafuni, maana wengine wameinua sakafu mara mbili kwa kuogopa mafuriko. Pigeni picha futi kamba ikiwa imesimama ukutani na namba zinasomeka. Mtu akisema "mwaka ule", mshikeni kwenye tukio: ni zile mvua za Desemba 2011, au ni kabla mtoto wake hajaanza shule? Kisha ulizeni nyumba ya pili bila kuwaambia jibu la kwanza.

Njia ya gari la maji ipimeni kila baada ya hatua ishirini, na mpime penye ufinyu. Andikeni kinachobana ni nini: nguzo ya umeme, baraza, au karo la choo. Karo ndilo kubwa kuliko yote. Baraza mtu atalikata, lakini karo likifukiwa barabara ikapita juu, nyumba nzima haina choo. Angalieni pia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, huenda mtaa wenu umeshachorwa. Ramani ni bure, ichapisheni kubwa muandike juu yake kwa kalamu.

WaReuben (Nairobi)

Salamu kutoka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Sisi Kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji mwezi Agosti 2017, na kazi ya kukusanya habari tukaifanya wenyewe pamoja na mashirika na vyuo. Tulijigawa kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, kila kikundi na mwakilishi wake. Mtu wa mbali hawezi kudanganya kikundi cha nyumba kumi, majirani wanajuana.

Dada, usihesabu nyumba peke yake. Uliza pesa. Mtungi wa lita 20 wananunua ngapi? Stima wanalipa nani? Choo wanalipia mara ngapi kwa siku? Kwetu ilionekana wazi kwamba mtu wa Mukuru analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba mtaa wa matajiri. Hapo wakubwa walikoma kutuona kama watu wa kuomba msaada. Hata upana wa barabara ulijadiliwa upya, kwa sababu vipimo vya kawaida vingefukuza watu wengi mno. Na wapangaji wajibu wenyewe. Ukimuuliza landilodi, atakuambia choo kinatosha.

MstaafuMipango

Binti yangu, dawati analokalia huyo afisa nimelikalia miaka ishirini na sita, manispaa nyingine. Nilichokuwa nakikubali ni kile ninachoweza kwenda kukihakiki mwenyewe asubuhi moja. Kwa hiyo kila karatasi ianze na namba ya anwani ya makazi, ile ya vibao vya mwaka 2022. Niisome mezani, niende nikaikute mlangoni. Vyumba vingapi, kaya ngapi, choo kipi. Majina yabaki kwenye daftari la kamati tu, yasibandikwe ukutani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wapo wapangaji wenye sababu zao za kutotaka kutafutwa.

Msilete barua ya "hatutaki". Chukueni nakala ya mchoro, choreni barabara yenu kwa kalamu nyekundu, na pembeni muandike upana mliopima. Mkutano wa mtaa uitishwe, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, muhuri upigwe.

Jambo la mwisho litawauma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zipimeni nyumba zilizomo, mziandike wenyewe. Nilikuwa nikikuta kamati imeficha nyumba mbili za mtoni, naacha kuziamini hata zile mia zilizo sawa.

KatibuWaMtaa (Mbagala)

Shikamoo mzee. Ahsanteni sana wote, maneno yenu nimeyasoma kwa sauti kwenye kikao cha kamati.

Tumeanza Jumamosi. Wajumbe wanatangulia kubisha hodi, vijana wanafuata na karatasi. Swali la pesa ya maji limefungua midomo kuliko swali lolote. Kina mama wanatoka wenyewe vyumbani kuja kujibu. Njia ya gari la maji penye ufinyu kabisa ni mita 4.3, na kinachobana ni baraza mbili. Karo hakuna hata moja. Wenye baraza wote wawili wamesaini kuzikata.

Leo asubuhi tumeshuka mtoni. Nyumba yetu, aliyoijenga marehemu baba, iko mita 47 kutoka ukingoni. Vijana walisimama wananitazama. Nimechukua kalamu nikaiandika ya kwanza, na namba ya kibao chake.