Tupeane uzoefu: chai ya majani ya vichaka vya nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Kwetu Muheza majani ya chai ya dukani yakiisha hakuna aliyehangaika. Bibi alikuwa anatoka uani, anakata vijiti viwili vya kivumbasha, kile kichaka cha jamii ya mrehani, anavisuuza na kuvitumbukiza kwenye sufuria. Muda si mrefu jiko zima linanukia karafuu. Juzi nimeirudia chai ile, watoto wamemaliza birika. Kwenu mnachemsha nini? Semeni na yale yaliyowashinda.

Mpemba wa Chake
Huku mchaichai upo nyuma ya kila nyumba, ila mimi napenda jani la mdalasini. Wengi wanajua gome tu. Jani lake bichi ukilipasua kidogo linanukia karafuu kuliko mdalasini wenyewe. Mawili kwa birika yanatosha, na mkate wa kumimina pembeni.

Mama Pacha, Morogoro
Mimi ni kivumbasha pia, na nitaeleza kuanika kwa sababu ndiko kulikonitesa. Nilianza kuanika juani juu ya bati, kama mchicha. Siku moja tu yamekauka, lakini harufu yote imekwenda, nikawa nakunywa nyasi. Sasa nafunga vishada vidogo, naning'iniza stoo penye upepo na kivuli, siku nne au tano. Ukilifikicha jani likavunjika kwa mlio, tayari. Naweka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Tena sichemshi majani. Naepua maji kwanza, ndipo natia majani na kufunika dakika tano. Ule mvuke mnaouacha utoke ndiyo harufu yenyewe inakimbia.

Wa Kilifi
Majani ya mpera yana rangi nzuri, karibu na chai yenyewe. Lakini yanafunga tumbo, ndiyo maana wazee humpa mtu anayeharisha. Mimi nilikuwa mzima, nikanywa asubuhi na jioni wiki nzima, choo kikawa kigumu mno. Tafadhali msiyafanye ya kila siku.

Mkulima Lushoto
Naomba tusikie hili. Mwanangu alileta fungu la majani akidhani ni kivumbasha, kumbe ni lantana, ile ya vishada vya maua ya njano na waridi. Yote mawili yana majani yenye meno na harufu kali. Lantana inaua ng'ombe, inaharibu ini. Nilimshika mkono nikampitishia kwenye shina: lina vimiba. Kivumbasha hakina, na maua yake madogo yamejipanga kwenye kijiti kilichosimama. Sasa hachumi jani bila kupapasa shina na kulifikicha anuse.

Mwanzisha mada
Mkulima, asante sana. Kesho nawapeleka wangu uani wapapase. Mama Pacha, chupa yako inakaa muda gani kabla harufu haijapungua?

Mama Pacha, Morogoro
Miezi mitatu hivi. Ikizidi hapo naweka kwenye mahindi, fukusi hawakipendi kivumbasha.