Naomba ushauri: siri zangu kabla ya kumwona wakili wa talaka

Habari zenu wakuu. Nina miadi ya kwanza na wakili wa talaka wiki ijayo. Mwenzangu hajui, na bado tunaishi nyumba moja.

Nimefungua baruapepe mpya, nywila haifanani na za zamani, na namba ya kuirejesha si ya laini ya familia. Arifa nimezizima zisionekane simu ikiwa imefungwa. Baruapepe ya kazini siigusi, maana mwajiri anaweza kuisoma. Kilichonishtua ni kompyuta ya sebuleni: hati ya nyumba niliyoipiga picha kwa simu ilitokea huko baada ya dakika chache, kwa kuwa hifadhi ya mtandaoni ni akaunti yetu sote. Nikaifuta, ikafutika na kwenye simu! Ikabidi nijitoe kwanza kwenye akaunti hiyo ndipo niipige picha upya.

Nilipokwama ni hapa. Dada yangu ndiye anayezijua hesabu zetu na anataka tuingie wote. Nimesoma kwamba mtu wa tatu akiwepo, kinga ya mazungumzo ya wakili na mteja (yaani haki ya kubaki siri, hata mahakamani) inaweza kupotea. Je, akae nje na karatasi zake aitwe ikihitajika, au kuna namna ya kumwingiza bila madhara?

Pili, karani wa ofisi ya wakili anataka maelezo kwa simu ili wahakikishe hawajawahi kumwakilisha mwenzangu. Majina yetu mawili yanatosha, au nalazimika kusema zaidi kabla wakili hajanikubali?