Ukoo wa Barabara ya 9

JUMATANO

Mwanaidi, 20:04: Asalaam aleikum ukoo. Rukia anakuja. Anavukia Horohoro Ijumaa, Jumamosi saa 9 alasiri anasoma kitabu chake maktaba ya mkoa wa Tanga na kusaini, Jumapili yuko Machui. Maktaba ukumbi wanatupa, lakini wanataka jibu Ijumaa asubuhi. Naomba kila mtu aseme anabeba nini.

Mwanaidi, 20:31: Watu kumi na tisa mmesoma. Hakuna hata waaleikum salaam.

Mjomba Omari, 20:33: Waaleikum salaam warahmatullah. 🤲🤲

Juma, 20:40: Jumamosi Coastal iko nyumbani Mkwakwani. Mtasomeana wenyewe.

Zuhura, 20:41: 😂😂😂

Mwanaidi, 20:43: Juma, mpira upo kila wiki. Nataka viti, maji, spika na mtu wa kupokea katoni za vitabu stendi ya Kange. Vitabu vinatoka Dar kwa basi, mwenyewe anatoka Mombasa, kwa hiyo visipopokelewa vitalala ofisi ya vifurushi na yeye atakaa mezani hana cha kusaini.

Juma, 20:44: Pilau ipo?

Mama Shaibu, 20:46: Pilau ndiyo ya kuuliza kwanza. Tusirudie yale ya Pongwe.

Zuhura, 20:46: Ya Pongwe jamani 🙈 mchele ulikuwepo, sufuria ndo hakuna

Juma, 20:47: Sufuria lilikuwepo. Aliye nalo anajijua, na yumo humu humu.

Mwanaidi, 20:52: Naomba tuache ya Pongwe.

Ticha Rajabu, 21:15: Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani. Spika ya shule naweza kuiomba. Machui nami nipo. Naomba tuwabebe na wanafunzi. Shaaban Robert kazaliwa pale Vibambani 1909, kazikwa pale pale Machui 1962, na watoto wangu wa kidato cha pili wanamjua kwa picha tu.

Mwanaidi, 21:19: Ahsante Ticha, hilo ndilo linaloniumiza. Watoto wa Makorora na Msambweni wanadhani mwandishi ni mtu aliyekufa. Hawajamwona hata mmoja akikohoa, akinywa maji, akikosea kusoma mstari akaurudia. Nataka wamwone huyu, aliyechota maji bomba lile lile la kwetu. Gurnah alipopata Nobel 2021 watu mbio madukani kuulizia vitabu vyake. Wetu anatufuata mwenyewe mpaka mlangoni, tunabishana sufuria!

Juma, 21:21: Sawa dada, umeshinda. Nitakwenda Kange. Ila nauli ya bodaboda na katoni mtanirudishia.

ALHAMISI

Mwanaidi, 06:50: Nimeongea na Rukia jana usiku. Kitabu elfu 15. Vitakavyobaki vinarudi kwa mchapishaji, na nauli ya kuvirudisha ni juu yetu, kwa hiyo tuhesabu vizuri. Na tafadhali, mtu asije na kopi ya steshenari kutaka isainiwe. Kopi ile yeye hapati hata mia.

Mwanaidi, 06:58: Zuhura, kata vikaratasi. Kila anayenunua aandikiwe jina lake, asimame nacho foleni. Mwanahamisi wa huku na wa kule hawaandikwi sawa, na jina likikosewa kitabu kimeshaharibika. Kalamu ziwe za kawaida. Za jeli hazikauki upesi, ukifunga kitabu wino umehamia ukurasa wa pili.

Zuhura, 07:30: Sawa dada

Shangazi Mwanamkasi, 09:12: Atasoma sura gani?

Mwanaidi, 09:20: Shikamoo shangazi. Atachagua mwenyewe.

Shangazi Mwanamkasi, 09:22: Marahaba. Nauliza kama atasoma sura ya nne.

Mama Shaibu, 09:25: Yarabi.

Shangazi Mwanamkasi, 09:31: Mwanamke ana mlango wa kijani, kufuli mbili, funguo kazifunga kwenye pindo la kanga. Arobaini ya kaka yake haijatimia, mke wa marehemu keshatolewa vyombo barazani. Ngamiani nzima wanajua mlango wa kijani ni wa nani. Kanitia kitabuni nami ni mzima, nakwenda sokoni, watu wananitazama pindo.

Ticha Rajabu, 09:40: Shangazi, shikamoo. Hadithi si ushahidi wa mahakamani. Mwandishi huchukua mlango huku, kufuli kule.

Shangazi Mwanamkasi, 09:41: Kufuli zote mbili kachukua kwangu.

Juma, 09:42: 😂

Juma, 09:42: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Shaibu, 09:50: Na vyombo vya mama yake Rukia vilitoka au havikutoka? Mie nilikuwepo, nilibeba kabati la vyombo mpaka Chuda. Nimenyamaza miaka yote, lakini msiniambie ni hadithi tu.

Shangazi Mwanamkasi, 09:53: Nyumba ilikuwa na deni. Nani alililipa? Hilo mbona halimo kitabuni?

Mwanaidi, 09:55: Jamani, naomba. Rukia mwenyewe hata humu hayumo.

Mama Shaibu, 09:56: Hayumo kwa kuwa alitolewa. Aliyemtoa aseme.

Mjomba Omari, 10:30: *Imesambazwa mara nyingi:* Fadhila za kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala…

Mwanaidi, 13:05: Viti. Naomba tuzungumzie viti.

Zuhura, 16:48: Nipo kwa Bibi. Nimemsomea yote mliyoandika, kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze neno.

Zuhura, 16:55: "Macho yangu yana ukungu, kitabu sijakisoma. Kila mmoja kanisimulia kwa mdomo wake, na kila mmoja kanipa kitabu chake. Mtoto akifika Ijumaa, maktaba iko mbele, mie niko njiani. Aje akae mkekani hapa anisomee hiyo sura ya nne, mwanzo mpaka mwisho. Mwanamkasi awepo. Mama Shaibu awepo. Nikishasikia kwa sauti yake nitasema kama isomwe mbele za watu. Mpaka hapo asichange mtu senti, wala msikodi kiti."

Mama Shaibu, 17:02: Nimesikia mama.

Ticha Rajabu, 17:10: Tumesikia Bibi.

Shangazi Mwanamkasi, 18:26: Nitakuja.

Mwanaidi, 18:40: Bibi shikamoo, tumesikia. Zuhura, mwambie taratibu kuwa maktaba wanataka jibu kesho asubuhi, na Rukia hafiki mpaka jioni. Nikisema ndiyo, nimemvuka Bibi. Nikisema hapana, ukumbi unakwenda kwa wengine na watoto wa Ticha tunawaambia nini?

Zuhura, 18:58: Kasema hao wa maktaba nao wana bibi.

Mwanaidi, 19:05: *Mwanaidi amemwongeza Rukia*

Rukia, 21:37: Shikamooni wakubwa wangu. Nimesoma kuanzia nilipoonyeshwa. Ijumaa nikitoka Horohoro naja moja kwa moja kwa Bibi, sipiti kwingine. Sura nitaisoma yote. Shangazi, la deni sikulijua, nataka unieleze. Siahidi kwamba nitaifuta.

Shangazi Mwanamkasi, 21:50: Njoo kwanza.

IJUMAA

Mwanaidi, 08:15: Maktaba wananisubiri mpaka saa 4. Ticha, twende wote?

Kaka Sefu, 08:41: Ndo nashika simu. Wa Makorora ana viti themanini, turubai hana. Nimwambie avishushe au tungoje mkeka wa Bibi? Na katoni ngapi zinakuja Kange, Juma anauliza hapa, yuko stendi.