sqrt(16) inakubali, sqrt(x) inagoma

Wakuu, msaada. Nimekesha na kiprogramu cha lugha ya C cha kutafuta ulalo wa kiwanja changu, mita 20 kwa 30. math.h, faili la kutambulisha hesabu, nimeiweka. Nikiandika sqrt(16), yaani kipeo cha pili cha 16, napata 4.000000 safi kabisa. Nikiandika sqrt(x), gcc, kikompaila changu, inanitupia "undefined reference to `sqrt'". Natumia Ubuntu. Nimerogwa?

— Hujarogwa, mkuu. math.h inaitambulisha sqrt tu. Yenyewe imo kwenye maktaba ya hesabu, ambayo huunganishwa kwa -lm. Andika: gcc ulalo.c -o ulalo -lm. Ile 16 gcc iliikokotoa yenyewe wakati wa kukompaili, ndiyo maana haikulalamika.

— Na usichapishe kwa %d, hiyo ni ya namba nzima. sqrt inarudisha double, namba yenye desimali, kwa hiyo %.2f. Hapo mimi niliwahi kupoteza jioni nzima.

— Ukiipa namba hasi itakuchapia nan au -nan, yaani "si namba". Usishtuke.

— Imekubali! Mwanzoni -lm niliitanguliza kabla ya ulalo.c, ikagoma vilevile. Mwishoni ndiyo ikapita. Jibu 36.06. Kamba ya fundi inasoma 36.5, kesho asubuhi tuna maneno mimi na yeye.