Dogo wa miaka 14 anapiga sarakasi balaa, jimnastiki ya mashindano anaiweza au kachelewa?

Mwana wa Igogo:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu wa mwisho yuko fomu one hapa Mwanza, huyu akitoka shule tu yeye na wenzake ni ziwani, wana tairi la lori wamelifukia nusu kwenye mchanga, anakuja mbio anakanyaga tairi anapaa anajipindua mara mbili anatua kwa miguu, mpaka wanaosubiri mitumbwi wanaacha habari zao wanaangalia. Sasa tangu aone klipu za Olimpiki ya Paris za yule mwanajimnastiki Mfilipino Carlos Yulo hatulali ndani, na yeye anataka hiyo hiyo. Maza hataki hata kusikia, anasema atavunjika shingo na shule itamshinda. Kwa mtoto wa kiume hii kitu ina maisha kweli? Na miaka 14 si kachelewa? Halafu ni mrefu, ananikaribia mimi.

Chaki Mkononi:
Mkuu kachelewa, tusidanganyane. Huyo Yulo amezaliwa Manila 2000, babu yake ndo alimuona anavyorukaruka akampeleka kwenye mazoezi akiwa bado katoto, baadaye akaenda Japani kukaa chini ya kocha Munehiro Kugimiya. 2019 akawa bingwa wa dunia kwenye mazoezi ya sakafuni. Olimpiki ya Tokyo kila mtu alijua dhahabu ya sakafuni ni yake, kumbe hata fainali hakuingia, kwenye kuruka juu ya meza akawa wa nne. Paris 2024 ndo akabeba dhahabu zote mbili, leo sakafuni kesho meza. Na unajua sakafuni kashinda kwa ngapi? 15.000 kwa 14.966 za Dolgopyat wa Israeli. Ukitua ukasogeza mguu kidogo tu unakatwa 0.1, hatua kubwa 0.3, kudondoka 1 nzima, kwa hiyo kale kahatua dogo anakopiga pale mchangani akitua kangetosha kumpokonya Yulo dhahabu. Majaji hawaangalii umepaa vipi tu, wanaangalia magoti, vidole vya miguu, kila kitu.

Halafu wanaume wana vyombo sita: sakafu, ule mgongo wa farasi wenye vishikio, pete, meza ya kuruka, baa mbili na baa ya juu. Tairi linamuandaa kwa viwili. Kwenye pete na farasi ni mikono na mabega, hakuna samasoti itakayomuokoa.

sato_wa_kupaka:
Msukuma mrefu anataka jimnastiki 😂😂 Yulo ana sentimita 150 mzee, dogo mpelekeni basketi

Chaki Mkononi:
@sato_wa_kupaka Epke Zonderland wa Uholanzi ana kama mita 1.73 na alichukua dhahabu ya baa ya juu London 2012, aliachia baa mara tatu mfululizo anairuka na kuidaka tena. Na wakati huo alikuwa anasomea udaktari, hilo mwambieni mama. Urefu unasumbua kweli ila haujamfungia mtu mlango.

Mzee wa Piramidi:
Mimi nimekula ugali wa sarakasi miaka mingi, mahoteli, sherehe za serikali, mpaka nje nimetoka. Mnamjibu kijana mambo ya Olimpiki wakati dogo wake leo jioni anaruka tena. Kwanza hizo za mara mbili asimame, mchanga ulioshindiliwa na maji ni mgumu kama sakafu ya saruji na akifika nusu mzunguko hakuna wa kumdaka. Maza yuko sahihi kwenye shingo. Arudi kwenye moja, safi, miguu imebana, na mkubwa awepo. Aanze kusimama kwa mikono ukutani kila siku, hiyo ndo inajenga hayo mabega anayosema jamaa hapo juu. Pili, kwa hapa kwetu sarakasi ya jukwaani ina mkate kuliko mashindano, akimaliza shule kuna TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanafundisha na cheti anatoka nacho.

Mwana wa Igogo:
Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo. Tairi nalishughulikia kesho japo najua ntachukiwa. Ila hapo kwenye mashindano, hata kwa chombo kimoja tu haiwezekani?

Chaki Mkononi:
Kimoja inawezekana, Nedoroscik wa Marekani Paris alikaa na miwani yake fainali nzima ya timu anasubiri farasi tu, akapanda wa mwisho wakapata shaba, ya kwanza kwao kwa timu ya wanaume tangu 2008. Ila huyo farasi kwanza awepo wa kufanyia mazoezi. Nenda kwa afisa michezo wa wilaya umuulize vyombo viko wapi, na dogo uende naye, wakimuona watakusikiliza.

Mzee wa Piramidi:
Marahaba kijana. Tairi usilitoe, watatafuta jingine. Lifukie zaidi lipungue mruko.