Naombeni ushauri: nikiulizwa msuko wa hadithi fupi nasimulia hadithi nzima. Nakosea wapi?

Fundi_wa_Usiku:
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mchana nashona nguo, jioni nasomea KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Insha naiweza, sarufi najikokota nayo, ila karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, hasa hadithi fupi, inaniangusha kila mara.

Juzi tulipewa swali la alama 20 kuhusu msuko wa hadithi tuliyosoma. Nikajaza kurasa tatu. Nilieleza kila kilichotokea tangu mwanzo, sikuruka hata tukio moja. Nikapata 5. Mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Umesimulia. Hujachambua." Nimeyasoma maneno hayo hata yamenikaa kichwani. Kama msuko si mambo yaliyotokea, basi ni nini?

Kwenye mgogoro niliandika "kuna mgogoro kati ya wema na ubaya", akapitisha mstari. Kwenye sifa za mhusika nikaandika "ni mkarimu, ana bidii, ana upendo". Akauliza pembeni: "Umejuaje?" Nielezeni taratibu, tafadhali. Hadithi nazipenda, sitaki kukariri tu ili nipite.

Mwalimu_wa_Zamu:
Dada, kwanza hongera kwa kusoma baada ya kazi ya kutwa. Kosa lako nimelisahihisha kwenye madaftari mengi sana, na linarekebishika.

Tuchukue hadithi tunayoijua sote, ya kima na papa. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizosimuliwa Unguja. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, kila siku anamtupia papa matunda. Wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao. Kima akasema hawezi maji, papa akamwambia panda mgongoni. Katikati ya safari papa akafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo ameuacha mtini, laiti angeambiwa mapema angekuja nao. Papa akageuza. Kima kufika tu akaruka juu ya mti, hakushuka tena.

Hapo nimesimulia, kama ulivyofanya wewe. Sasa tazama neno lenyewe: msuko, kutokana na kusuka. Anayesuka ukili wa mkeka hupitisha kila mwaa juu ya mmoja na chini ya mwingine, ukichomoa mmoja kazi inalegea. Basi chomoa tukio uone kitakachotokea. Toa yale matunda: papa na kima hawajuani, hakuna mwaliko. Toa neno la kima kwamba hawezi maji: hapandi mgongoni, hivyo hata akiambiwa siri ataogelea arudi zake. Toa papa kufichua siri: kima anafika na kufa. Kila tukio limezaliwa na lililotangulia na linazaa linalofuata. Ukiandika "hili lilisababisha lile kwa kuwa…", umeshaingia kwenye msuko. Ukiandika "kisha… kisha… kisha", bado unasimulia.

Bi_Mkunazi:
Ewaa mwalimu, umesema kweli. Mie niongeze la mgogoro, maana ndilo ninaloliandikia hadithi zangu.

Mwanangu, "wema na ubaya" hata mimi ningelipiga mstari. Wema hautaki kitu, mtu ndiye anayetaka. Jiulize: nani anataka nini, na nani au nini kinamzuia? Kima ataka kuishi. Papa ataka moyo wake. Vyote viwili haviwezekani pamoja, na wote wawili wako juu ya mgongo mmoja katikati ya maji. Huo ndio mgogoro, wa mtu na mtu. Bahari nayo ni mgogoro mwingine, wa mtu na mazingira, kwa sababu hana pa kukimbilia.

Lakini ule mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya papa. Ametumwa na sultani, na huyu aliyembeba kamlisha siku zote. Ndiyo maana akasema siri. Urafiki ulimuuma. Mgogoro wa nafsi huo, na ndio uliomwokoa kima.

Kalamu_Nyeusi:
Bi Mkunazi, heshima zako, lakini sikubaliani. Papa hakuumwa na urafiki. Angekuwa ameumwa angemrudisha bila kudanganywa. Alirudi kwa sababu gani? Kuuchukua moyo! Alisema siri kwa kuwa alijua windo liko mkononi na halina pa kwenda. Na anayeamini kwamba kiumbe anaweza kuuacha moyo wake mtini ni mwepesi wa kudanganyika. Ushahidi uko hapo.

Bi_Mkunazi:
Hilo la kurudi kuuchukua moyo sikulifikiria. Umenipata. Ila bado nasema mtu asiye na chembe ya aibu hasemi, hunyamaza mpaka afike.

Mwalimu_wa_Zamu:
Fundi, umeona wanavyobishana? Kila mmoja anataja sifa na papo hapo anaonyesha tendo. Mwalimu wako alipouliza "umejuaje" alitaka hivyo. Mhusika hujulikana kwa anayoyatenda, anayoyasema, wanayoyasema wengine juu yake, na mara nyingine kwa jina alilopewa. Mtahini anaweza kukubali papa mwenye aibu au papa mwepesi wa kudanganyika, mradi hoja imeshikwa na kitu kutoka kwenye matini. "Mkarimu" peke yake haina uzito.

Wahusika bapa na mviringo usiwakariri kama orodha. Bapa anabaki vilevile toka mwanzo mpaka mwisho. Mviringo hubadilika, na ukisoma unaona alipobadilikia.

Fundi_wa_Usiku:
Asanteni sana, nimesoma mara mbili nikiwa kwenye cherehani. Nijaribu, mnisahihishe:

"Kima ni mwerevu. Anapoambiwa kwamba moyo wake unatakiwa, halii wala haombi, anatunga jibu ambalo papa atalipenda, kwamba moyo uko mtini. Jibu hilo linasababisha papa ageuze, na kugeuza huko kunamfikisha kima kwenye mti wake. Hivyo werevu wake ndio unaotatua mgogoro kati yake na papa."

Je, nimechambua au nimesimulia tena?

Kalamu_Nyeusi:
Umechambua. Tena umeunganisha sifa, msuko na mgogoro kwenye aya moja.

Mwalimu_wa_Zamu:
Safi kabisa. Ningekuongezea jambo moja tu: mwanzoni kima huyohuyo alipanda mgongoni bila kuuliza kwa nini anaalikwa leo. Werevu wake haukuwepo, au ulikuwa umelala. Litafutie nafasi kwenye jibu lako.

Fundi_wa_Usiku:
Swali la mwisho. Mwishoni, kima akiwa juu ya mti, papa anapomwita tena, kwa nini kima asikatae tu kwa neno moja? Badala yake anaanza kumsimulia papa habari za punda wa dobi. Mimi niliona kama hadithi imepotea njia.

Bi_Mkunazi:
La, mwanangu, haikupotea. Yule punda alishambuliwa na simba akaponyoka, kisha sungura akambembeleza akarudi kulekule, akaliwa. Simba alipoulizia moyo na masikio, sungura, aliyekwisha kuvila, akajibu kwamba punda hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Sasa muweke kima juu ya mti na papa chini anambembeleza arudi. Mwalimu wa Zamu amekwambia uone mhusika anabadilikia wapi. Mtazame pale.

Fundi_wa_Usiku:
Kumbe ndipo hapo! Nilikuwa nairuka sehemu hiyo kila nikisoma. Nina sketi mbili za kumalizia usiku huu, kisha naandika jibu upya nilipeleke kesho jioni.