Naomba ushauri: kuongeza RAM kwenye Akai MPC Live II

Habari zenu wanajamvi. Ninarekodi kwaya na vikundi vya benga hapa Nairobi, na kazi yote naifanya ndani ya MPC Live II (mashine ya kurekodi na kupanga muziki) bila kompyuta. Mashine hii ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 2 tu, na nikishapakia sauti nne za kwaya pamoja na magitaa, inakataa kupokea sampuli nyingine (vipande vya sauti vilivyorekodiwa).

Najua kwamba chini yake kuna nafasi ya diski ya SATA ya inchi 2.5, lakini diski huongeza hifadhi tu, haiongezi RAM. Fundi mmojawapo wa Luthuli Avenue ananihakikishia kwamba anaweza kubandua chipu za RAM zilizolehemiwa na kuweka kubwa zaidi. Mimi nina shaka kubwa, kwa sababu hata kama lehemu itashika vizuri, programu ya kuwasha mashine nayo lazima itambue ukubwa mpya, la sivyo huenda isiwake kabisa.

Je, kuna aliyewahi kufanyiwa kazi hiyo ikafaulu? Kugeuza sampuli za stirio kuwa mono hupunguza mzigo kwa nusu, ila sauti za kwaya hupoteza upana wake, jambo ambalo sitaki. Ninyi mnafanyaje?